Rangi za zamani, sofa, friji bovu: nivipeleke wapi visiishie Mirongo? (Mabatini, Mwanza)

Mkazi wa Mabatini

Habarini za jioni wadau. Naomba mawazo, hasa kutoka kwa wenyeji wa Mwanza.

Tumehamia nyumba ya familia huku Mabatini, upande wa mlimani, kule ambako gari linaishia chini na wewe unapanda kwa ngazi za mawe. Stoo tumeikuta imejaa. Kuna ndoo mbili za lita 20 za rangi ya maji, galoni kadhaa za rangi ya mafuta (moja mfuniko umeshikwa na kutu haufunguki), na thina iliyowekwa kwenye chupa za maji ya kunywa bila alama yoyote. Kuna sofa la watu watatu lililotafunwa na panya, friji lisilowaka na TV ya chogo.

Kijana anayetuletea maji ananishauri nisubiri mvua kubwa, rangi niimwage mtaroni usiku, na sofa nilisukumie humo humo, eti "litaenda lenyewe". Siwezi kufanya hivyo. Mtaro wetu unaingia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Mvua ikikatika pita darajani uone magodoro yalivyonasa, maji yamekosa njia yakapanda hadi vyumbani kwa watu wa bondeni. Wale ni majirani zangu, tunazikana.

Gari la taka linapita, lakini vijana wake wanachukua viroba tu. Nilipowaonyesha sofa wakasema hilo haliwahusu. Sasa rangi inatupwaje? Na haya makubwa yanakwenda wapi? Nina watoto wadogo na mlango wa stoo hauna kitasa.

Mzee wa Igoma

Pole sana binti yangu. Mimi ningechimba shimo nyuma ya nyumba nikafukia rangi zote, na sofa ningelichoma siku isiyo na upepo. Ndivyo tulivyofanya miaka yote.

Fundi rangi, Kirumba

Shikamoo mzee. Kwa heshima yote, hapo kwenye shimo na moto naomba nitofautiane nawe. Igoma pengine una udongo. Mabatini mlimani ukichimba kidogo tu jembe linagonga jabali. Maji ya mvua hayana pa kuzama, yanateleza juu ya mwamba na kubeba kila kilicholegea. Utakachofukia leo masika yatakifukua, yakishushe Mirongo, na ziwa hilo ndilo tunalokunywa: mtambo wa maji wa Capripoint unavuta humo humo. Sofa nalo, sponji yake ikiungua inatoa moshi wenye gesi za sumu, kaboni monoksaidi na sianidi. Kwa nyumba zilivyobanana kule, moshi huo unaingia moja kwa moja chumbani kwa mtoto wa jirani.

Dada, kabla ya yote, shughulikia zile chupa za thina. Usingoje kesho. Thina inaonekana kama maji, na mtoto mwenye kiu hasomi alama hata kama ipo. Zifunge vizuri, ziandike, zipandishe mahali wasipofika, mbali na jiko. Akitokea mtoto amekunywa, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Sasa rangi. Mimi ndiyo kazi inayonilisha, na kila nyumba ninayoipiga inaacha mabaki, kwa hiyo hili nimelifikiria sana.

Ya maji, fungua unuse. Ikinuka kama yai viza, imeoza. Isiponuka, chukua mti ukoroge kutoka kitakoni kabisa, maana uzito wote umelala chini na juu kuna maji maji tu. Ukikuta utando juu, uondoe kwanza, usiuvurugie ndani. Ikirudi laini ichuje kwa kipande cha chandarua, kisha ipake kwenye ubao uangalie. Kesho yake pitisha kidole: isipotoka unga, hiyo ni rangi nzima, ni mali. Changanya ndoo zote mbili upate rangi moja, piga choo na ukuta wa uani. Hutaki? Uliza ofisi ya mtaa shule gani ina darasa lenye kuta chafu, au mwite fundi yeyote aje aichukue. Rangi iliyopo ukutani haihitaji kutupwa, na mimi njia hii naipenda kuliko nyingine zote.

Iliyooza usiimwage popote. Nenda kwa seremala akupe maranda, au tafuta mchanga mkavu. Mimina rangi kidogo kidogo kwenye karai kuukuu, changanya mpaka iwe kama ugali uliokaza, halafu iache juani ndani ya uzio watoto wasiiguse. Ikikauka mpaka ndani, haidondoshi tone hata ukiibonyeza, itie kwenye kiroba na umwambie mtu wa taka ni nini hicho.

Ya mafuta ni habari nyingine. Ile nzima wape mafundi wa kuchomelea, wao kwenye mageti na grili hawachagui sana rangi ya kupaka mkono wa kwanza. Ila zikiwa za zamani kweli, jihadhari, nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwenye ubongo. Kwa hiyo usimpe mtu rangi hizo akapake chumbani au kwenye kitanda cha mtoto. Na mlango wa zamani wenye rangi inayobanduka usiupige msasa mkavu ndani ya nyumba. Vumbi lile ndilo sumu yenyewe.

Isiyofaa iache ndani ya kopo lake, funga, isimamishe wima kwenye beseni. Kisha mfuate bwana afya wa kata au afisa mazingira umuulize mahali pa kuikabidhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezitenga taka hatarishi na taka za kawaida, kwa hiyo una haki ya kuuliza na yeye ana wajibu wa kukujibu. Ukienda na majirani wawili watatu wenye makopo kama yako mtasikilizwa haraka zaidi.

Fundi friji, Nyakato

Naongezea kwenye friji. Leo hii hii ng'oa mlango, au lifunge kwa kamba imara. Watoto hujificha humo wakicheza, mlango ukijifunga hewa inawaishia.

Usiwaite vijana wa chuma chakavu kabla ya fundi. Wao wanataka shaba na kompresa, wanakata bomba hapo hapo na gesi yote inatoka. Soma kibati cha nyuma karibu na kompresa. Ukikuta R12, hiyo ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, ndiyo iliyowekewa Itifaki ya Montreal mwaka 1987. Ukikuta R600a, hiyo inawaka, mtu akikata kwa msumeno wa umeme cheche moja inatosha kulipua. Mtafute fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi, kisha bodi ndiyo iende skrepa. TV ya chogo isivunjwe, kioo chake kina risasi pia. Waulize mafundi redio, wengine wanazitaka kwa vipuri.

Mama Masofa, Mlango Mmoja

Dada, usimlipe mtu alishushe sofa zima kwenye hizo ngazi, ataumia mgongo bure. Lifumulie huko huko juu. Vaa barakoa na ulowanishe kidogo, mkojo wa panya si wa kuvuta puani. Mbao uzikague: ikiwa ni mninga au mkongo, fundi atazilipia hata zikiwa na misumari. Springi ni za chuma chakavu. Sponji iliyoguswa na panya isirudi kwenye mto wala kiti, itie kwenye viroba. Kinachobaki kitakuwa kidogo. Ongea na majirani, mchangie kirikuu kimoja mpaka dampo la Buhongwa, ila piteni kwanza ofisi ya mtaa. Na mwenye kirikuu mlipeni nusu, nusu nyingine mkiwa mmeona ameshusha dampo. Wapo wanaomwaga makorongoni njiani.

Mkazi wa Mabatini

Wabeja sana, Mungu awabariki. Chupa za thina nimeshazipandisha, friji limefungwa kamba. Ndoo moja ya rangi ni nzima, jirani atapigia choo. Lingine: watu wananiomba hizo ndoo zikiisha wachotee maji. Niwape?

Fundi rangi, Kirumba

Za kunywa au kuwekea unga, hapana, hata zikisuguliwa zikang'aa. Plastiki imeshanywa dawa za rangi. Wape wa ujenzi wabebee mchanga, au uwekee taka. Wakati wa kuosha, futa kwanza kwa magazeti, maji ya kwanza yatie kwenye maranda, yasiende mtaroni. Galoni za rangi ya mafuta zilizokwisha ziache wazi zikauke ndani, kisha zitoboe kitako, ndipo umpe wa skrepa. Lile lenye kutu usilipashe moto wala kulipiga patasi, bwana afya alikute hivyo hivyo.