Gitaa langu linabaki nyuma ya biti nikirekodi kwenye laptopu, tatizo liko wapi?

ChakachaNgamiani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Niko Ngamiani, Tanga. Napiga gitaa la solo. Jamaa yangu kanitengenezea biti ya chakacha, ngoma, besi na kinanda kidogo, mapigo 100 kwa dakika, kanitumia mp3 kwa WhatsApp. Nataka kutia solo nyumbani kwa nafasi yangu, usiku bodaboda zikishapungua.

Nina laptopu ya Windows 10, RAM GB 4, nimeweka programu ya kurekodi ya Audacity. Intafesi, kile kiboksi cha kuingizia gitaa kwenye laptopu, ni ndogo ya USB yenye matundu mawili, nimeinunua mkononi kwa mtu Chumbageni.

Sasa nikipiga najisikia mara mbili, gitaa lenyewe halafu mwangwi wake papo hapo. Na nikisikiliza nilichorekodi, gitaa limekaa nyuma ya ngoma. Mimi sichelewi, kwenye shughuli napiga na ngoma za kweli na watu wanacheza. Chakacha ikikosa mahali pake haichezeki, na wimbo huu naupenda mno kuuachia hivi. Kuna aliyeniambia dawa ni laptopu mpya. Ni kweli?

BesiBagamoyo

Usinunue kitu kwanza. GB 4 zinatosha kabisa kwa biti na treki mbili tatu za gitaa. Hedifoni zako ni za waya au za Bluetooth? Kama ni Bluetooth, weka kando hata kabla hatujaendelea, maana zenyewe tu zinaweza kuchelewesha sauti zaidi ya milisekunde 100. Na ule waya wa gitaa umechomeka kwenye intafesi au kwenye tundu la maiki la laptopu?

ChakachaNgamiani

Za waya kaka, nimezichomeka kwenye intafesi. Gitaa nalo liko kwenye intafesi.

MzeeRidhim

Marahaba mwanangu. Mimi niko Makorora, nimepiga gitaa la ridhim muda mrefu kabla sijakaa mbele ya kompyuta, na vijana wanaokuja kwangu kurekodi wote huanza na swali lako hili.

Hapo kuna kuchelewa kwa namna mbili, na watu wanakuchanganya. Kwanza ni kule unakokusikia wakati unapiga. Sauti inaingia kwenye intafesi, inageuzwa kuwa namba, inapita ndani ya kompyuta, ndipo inarudi sikioni. Kompyuta haipokei sauti mfululizo, inaikusanya mafungu, na fungu hilo ndilo bafa. Ukirekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya sampuli 256 ni kama milisekunde 6, ya 1024 ni 23, na hapo ni kuingia tu, kutoka nako kuna yake. Hewani sauti huenda mita moja kwa milisekunde 3 hivi. Kwa hiyo milisekunde 6 ni sawa na kusimama mita mbili kutoka kwenye ampu, jambo ambalo kila mpiga gitaa analifanya jukwaani. Ila angalia biti yako: pigo moja ni milisekunde 600, na chakacha inaligawa kwa tatu, yaani 200 kila noti. Ukichelewa 100, noti yako inaangukia katikati kabisa ya mbili, si hapa wala pale. Ndiyo maana inakukera kiasi hicho, na una haki.

Kujisikia mara mbili ni kwa sababu milango miwili iko wazi. Intafesi inakupelekea gitaa moja kwa moja, na Audacity nayo inalirudisha likiwa limeshachelewa. Funga ya Audacity. Tafuta kwenye mipangilio ya kurekodi kile kisanduku cha kusikiliza unachorekodi, ukiondolee alama. Acha swichi iliyoandikwa Direct kwenye intafesi. Gitaa litasikika kavu, bila mwangwi wala chochote. Lizoee. Mapambo yanatiwa baadaye.

Namna ya pili ni pale treki inapokaa baada ya kurekodi. Audacity inajua kuna kuchelewa, kwa hiyo huivuta treki mpya ije mapema kwa kiasi kilichoandikwa kwenye Latency compensation. Kiasi inachokuja nacho ni milisekunde -130, na hicho ni cha kukisia, hakijui mashine yako. Lazima upime. Tengeneza treki ya midundo tupu humo humo ndani ya Audacity. Chukua waya, toa sauti kwenye tundu la hedifoni la intafesi, iingize kwenye tundu la gitaa, sauti ikiwa chini. Swichi ya Direct uizime kwa muda huo, vinginevyo sauti itazunguka na kupiga kelele. Rekodi midundo ile, kisha vuta picha karibu uone mdundo uliorekodiwa umepishana na wa asili kwa milisekunde ngapi. Ukiwa umechelewa 40, andika -170. Ukiwa umewahi 40, andika -90. Rudia mpaka ikae sawa.

Mwambie na jamaa yako akupe biti kwa WAV, aitume kama dokumenti. Mp3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni, na siku mtakapoanza kutumiana treki ukimya huo utawasumbua.

Neno moja zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Umesema biti ina ngoma, besi na kinanda. Ridhim iko wapi? Huu ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, mwanangu. Solo ya muziki wetu haielei juu ya ngoma peke yake, inasemezana na gitaa la pili. Kabla hujagusa solo, rekodi ridhim wewe mwenyewe, wimbo mzima toka mwanzo hadi mwisho, bila kukata vipande na kubandika. Ukikosea beti la tatu, rudi mwanzo. Solo utakayoipiga juu ya ridhim hiyo itajua pa kuingia na pa kunyamaza.

ChakachaNgamiani

Mzee wangu nashukuru sana. Nimefunga ule mlango wa Audacity, mwangwi umekwisha. Nimepima, midundo ilichelewa 45, nimeandika -175 na sasa imelala juu ya mwenzake. Ridhim nimeirekodi jana usiku, na kweli solo imebadilika, nilikuwa najaza kila nafasi.

Ila sasa nasikia mngurumo, hasa chaja ikiwa imechomekwa.

BesiBagamoyo

Huo ni umeme, wa kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde na mngurumo wake unaujua. Chaji laptopu ijae, chomoa chaja, rekodi kwa betri. Kama mngurumo unatulia ukishika nyuzi, shida iko kwenye kuunganishwa na ardhi, kwa hiyo angalia kama plagi ya chaja au ekstensheni yako ina waya wa ardhi kweli. Gitaa lako likiwa na pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) za koili moja, kaa mbali na chaja na taa, kisha geuka taratibu kwenye kiti ukisikiliza. Kuna upande mngurumo utapungua, kaa upande huo.

MzeeRidhim

Sahihi. Na sauti ya kuingia usiijaze, vilele viishie kama desibeli -12. Ikipasuka wakati wa kurekodi hakuna programu itakayoirudisha, ikiwa ndogo tunaipandisha. Bonyeza na kile kitufe cha Inst kama intafesi yako inacho, bila hicho nyuzi nyembamba zitasikika zimefifia, na chakacha iko kwenye nyuzi nyembamba.