Re: Posa imeletwa Tanga, mimi nipo huku: "dini moja" nitaijuaje?

Kutoka: Binti wa Makorora (Leicester)

Assalam aleykum wagosi wa kaya. Naomba ushauri. Nina miaka 28, nafanya kazi ya kutunza wazee, huu mwaka wa nne nipo Uingereza. Nyumbani Tanga wamepokea posa, mshenga kaja na barua na bahasha yake kama ilivyo desturi, mwanaume ni mtu wa Pwani anaishi London. Baba anasema ni Muislamu mwenzetu na ukoo wake unajulikana, sasa nataka nini tena. Tumeongea kwa simu mara nne tu. Na kazini kuna mtu tunaelewana sana, siyo Muislamu, ananiambia siku tukikubaliana kuoana atasilimu. Mi siolewi nje ya dini yangu, hilo nshaamua, ila hiyo dini moja yenyewe nitaijuaje? Halafu huyu wa London anataka tufunge nikahi msikitini kwao mwezi ujao, mambo ya serikali anasema tutayafanya baadaye. Ni sawa?

---

Kutoka: Dada wa Ngamiani (Birmingham)

Waaleykum salaam mdogo wangu. Nimesoma meseji yako kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikapitiliza kituo.

Mi niliolewa na Muislamu. Posa yake ililetwa kwetu Ngamiani, barua ikasomwa barazani, wazee wakauliza mtoto wa nani, anafanya kazi gani, dini gani, mshenga akajibu Muislamu, wakasema alhamdulillahi wakahamia kwenye mahari. Hakuna aliyeuliza kama anaswali. Na mi sikuuliza, niliona haya, na kwetu swali hilo haliulizwi kwa sababu halina haja, majirani wanamuona mtu akienda msikitini na asipoenda wanamuona pia, mtaa mzima ni shahidi wake. Huku mtu anaishi ghorofa ya tatu, akishafunga mlango nani anamjua?

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni. Nyumbani tunafuturu saa kumi na mbili na nusu, huku magharibi inaingia saa tatu na nusu usiku, na usiku wenyewe masaa matano tu alfajiri hiyo hapo. Siku ya pili ya mfungo nimepika uji wa pilipili manga, nimekaanga kachori, muhogo niliupata duka la Wahindi nikautia nazi ya kopo, nipo jikoni naangalia saa. Mume wangu akaingia saa kumi na mbili jioni, akafunua sufuria ya muhogo, akapakua, akala amesimama pale pale mbele yangu huku ananihadithia mambo ya kazini kwake. Wala hakuona kama kuna kitu. Mi nimeshika mwiko, neno halitoki. Hakuwa mgonjwa wala msafiri, hajafunga tangu aingie Ulaya, na wallahi hakunidanganya, hakuulizwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha akikujieni mnayeridhika na dini yake na tabia yake, muozeni. Sasa utaridhika vipi na kitu hukijui? Mpigie simu umuulize, usione haya. Muulize alfajiri ya Desemba anaamka? Shereheni kazini pombe inapopita yeye anakuwa wapi? Nyumba atanunua kwa mkopo wa riba au mtapanga mpaka mzeeke? Watoto Jumamosi wataenda chuo cha Kurani, na nani atawapeleka, maana wewe Jumamosi uko shifti. Na jambo watu wanalisahau kabisa, muulize maulidi. Wewe umekulia Tanga, umekulia kwenye maulidi na hitma, kile kisomo cha marehemu, yeye inawezekana anaona hayo yote ni bidaa, uzushi kwenye dini. Wote Waislamu, sikatai, lakini siku mzee wako akiondoka hitma itasomwa nyumbani kwako au haisomwi? Nimeona ndoa ya watu wanaoswali swala tano wote wawili ikivunjika kwa hilo.

Huyo wa kazini simkatai, na wewe usimdharau, wapo waliosilimu wakatupita sisi tuliozaliwa ndani. Ila asilimu kwa ajili ya Mungu, siyo kwa ajili ya ukumbi wa harusi. Mwambie aanze darasa sasa hivi, ndoa isitajwe, Ramadhani moja ipite akiwa ndani. Akikuambia hiyo ni mbali sana, basi ameshakujibu.

Sasa nikahi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kwetu Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, sheikh mwenye usajili anafungisha, cheti kinatoka, yamekwisha, ndo maana tunakuja huku na akili hiyo hiyo. Hapa nikahi peke yake siyo ndoa kisheria, na Mahakama ya Rufaa ya hapa ilishalisema hilo 2020. Misikiti michache imesajiliwa kufungisha ndoa ya kisheria, mingi haijasajiliwa. Kwa hiyo mnaenda wote wawili kwa msajili wa kaunsili mnatoa notisi ya kuoana, mnasubiri siku 28, na kwa wenzetu wa viza wanaweza kuirefusha mpaka siku 70. Kwa hiyo "mwezi ujao" ukiusikia, hesabu siku. Ndoa ya serikali itangulie au iwe siku hiyo hiyo ya nikahi, au mwende mkafungie Tanga kwa sheikh msajili, mbele ya walii wako, mrudi na cheti.

Mi nilipoachika nilikuwa nimelipa nusu ya kila kitu kwenye ile nyumba, jina lake peke yake. Wakili akaniomba cheti cha ndoa, nikamtolea karatasi ya msikitini, akaisoma, akanirudishia taratibu kwa mikono miwili. Talaka yenyewe nilipewa kwa meseji. Ndoa siyo waja leo waondoka leo mdogo wangu.

---

Kutoka: Kaka wa Bagamoyo (Hamburg)

Tumsifu Yesu Kristo kwa wangu, na salaam kwenu nyote. Mi Mkatoliki, nimezaliwa Bagamoyo, mji wa Waislamu na misheni ya tangu 1868, pilau la Idi nimelila kuliko la Krismasi, kwa hiyo siongei kwa ubaguzi. Dada amesema kweli na sisi yanatuhusu. Mke wangu Mlutheri, tukasema wote Wakristo basi. Paroko akasema inahitajika ruhusa ya askofu, ni ndoa mseto, na mimi niahidi kufanya niwezalo watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki. Mwenzangu ahadi hiyo aliisikia siku ile ile ofisini kwa paroko, akalia, na mi nilijua tangu zamani nikanyamaza. Hilo ndo kosa langu, yeye alikuwa na haki ya kulisikia kwangu. Na cheti cha ubatizo wanataka kipya kisichozidi miezi sita, kiagizeni parokia ya nyumbani mapema, changu kilichukua wiki tisa. Ujerumani pia bila Standesamt, ofisi ya serikali ya kufungisha ndoa, hamjaoana.

---

Kutoka: Binti wa Makorora (Leicester)

Ahsanteni sana, nimesoma mara tatu. Jana usiku nimempigia. Nimeanza na alfajiri, akanyamaza, akasema mbona nahojiwa kama uwanja wa ndege, nikasema samahani kaka yangu lakini nijibu. Akasema Ijumaa anaenda, zingine zinampita, na tangu mama yake afariki ndo zimempita zaidi. Sauti yake ilibadilika hapo. Sikumlaumu, nilimuombea dua pale pale kwenye simu, akaitikia amin. Kuhusu notisi akasema tutaona, nikamwambia bila notisi hakuna nikahi, akasema anipe wiki.

Wa kazini nilimwambia habari ya darasa, toka Jumanne hajanitafuta.

Nimempigia baba kumweleza asijibu kitu kwanza. Nilitegemea atafoka. Akauliza tu, "haswali?" kisha akakaa kimya kidogo, akasema bahasha ipo kwenye kabati la mama yako, haijaguswa, itakaa hapo mpaka useme wewe.