Watumiaji wanapakua toleo la zamani la PDF

Swali: Habari wakuu. Nimeibadilisha ripoti.pdf kwenye seva, lakini baadhi ya watumiaji wakiipakua bado wanapata toleo la awali, ilhali kwenye dirisha la faragha kiungo kilekile kinaleta jipya. Seva inatuma Cache-Control: max-age=604800 (agizo la muda wa kutumia nakala iliyohifadhiwa, kwa sekunde). Tatizo liko wapi?

Jibu: Kivinjari kinatii ulichokiagiza. Sekunde 604800 ni siku 7, na katika muda huo kinaruhusiwa kutoa nakala kilichoihifadhi bila kuiuliza seva chochote. Weka no-cache, ambayo haikatazi kuhifadhi bali hukilazimisha kivinjari kuthibitisha nakala kabla ya kuitumia. ETag (alama ya toleo la faili) ikiwa ileile, seva hujibu 304, yaani halijabadilika, na faili halitumwi upya.

Jibu: Naafiki, ila waliokwisha kuihifadhi hawataliona agizo jipya hadi muda uishe. Kwa ajili yao badilisha anwani yenyewe, kwa mfano ripoti.pdf?v=2. Wengi hukimbilia no-store, inayokataza kuhifadhi kabisa, nami naona ibaki kwa nyaraka za siri.

Muulizaji: Nitajuaje kama kuna kashe (hifadhi ya nakala) nyingine kati ya seva na kivinjari?

Jibu: Endesha curl -I (amri inayoonyesha vichwa vya jibu la seva) ukitaja anwani ya faili. Ukiona Age (umri wa nakala kwa sekunde) yenye namba inayozidi sifuri, jibu hilo limetoka kwenye kashe ya njiani, nayo utaisafisha kivyake.