Skrini ya projekta kwa chumba chenye dirisha la upande wa ziwani: ninunue ipi?

Mkazi wa Kibirizi (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Kigoma, upande wa Kibirizi, na nimeamua kukigeuza chumba kimoja cha nyumbani kiwe mahali pa familia kutazama filamu na mpira. Chumba kina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3.6, dari lake la jipsamu liko mita 2.7 kutoka sakafuni, na kuta zote zimepakwa rangi ya krimu inayong'aa kidogo. Projekta ninayo tayari. Ni ya uwiano wa 16:9, na katika karatasi yake ya maelezo imeandikwa lumeni 700 za ANSI, yaani kipimo cha mwanga inaoutoa. Kwa sasa tunatazamia kwenye shuka jeupe lililobanwa ukutani kwa misumari midogo, na kila feni inapowashwa, golikipa huyumba pamoja na goli lake.

Shida yangu kubwa ni dirisha lililo kwenye ukuta mrefu, ambalo linaelekea magharibi. Walioko huku wanajua kwamba jua letu hukuchwa karibu saa moja jioni, kama dakika 40 baada ya Dar es Salaam, kwa hiyo mechi inayoanza saa kumi na mbili tunaitazama kipindi chote cha kwanza huku mwanga ukiwa bado unaingia. Nimeonyeshwa skrini za aina tatu, na kila muuzaji anasifia yake: nyeupe ya kuvuta kutoka juu, ya kijivu, na nyingine inayoitwa ya kuzuia mwanga, ambayo bei yake imepita hata ya projekta yenyewe. Nilikuwa nimelenga inchi 150, zikipimwa kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, kwa kuwa ukuta unaruhusu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijatoa fedha.

Mwalimu wa Cheyo, Tabora

Ndugu Mkazi wa Kibirizi, kabla hatujagusa suala la kitambaa, tuanze na weusi. Projekta hairushi weusi. Filamu inapoonyesha usiku, projekta huacha tu kurusha mwanga mahali hapo, na unachokiona ni skrini yenyewe jinsi inavyoangaziwa na mwanga mwingine wowote uliomo chumbani. Dirisha likiwa wazi, skrini nyeupe itabaki nyeupe, na usiku wa filamu utakuwa wa kijivu hata kama projekta ni ya mamilioni. Ndiyo maana nakushauri fungu la kwanza la fedha yako liende kwenye pazia la dirisha na rangi ya kuta, na kitakachobaki ndicho kiende kwenye skrini.

Sasa ukubwa. Gawanya lumeni kwa eneo la skrini kwa mita za mraba, zidisha jibu kwa geini ya skrini (kipimo cha jinsi inavyorudisha mwanga, nitakieleza hapa chini), kisha gawanya kwa 3.14, utapata mwangaza unaomfikia mtazamaji, unaopimwa kwa kandela kwa kila mita ya mraba. Skrini ya inchi 150 ina upana wa sentimita 332 na kimo cha sentimita 187, yaani mita za mraba 6.2, na kwa lumeni zako 700 na geini ya 1.0 unapata kandela 36 tu. Kiwango kinacholengwa katika majumba ya sinema ya kidijitali, ambayo huwa na giza kamili, ni 48. Ukishuka hadi inchi 120 unapata 56, na kwa inchi 110 unafika 67. Usisahau kwamba projekta nyingi hutoa lumeni zilizoandikwa pale tu zinapowekwa kwenye hali ya mwanga mkali kabisa, ambayo hugeuza nyuso za watu kuwa za kijanikijani, na kwamba taa hufifia kadiri saa za matumizi zinavyoongezeka. Kwa hiyo ziada hiyo ya 67 si anasa.

Kuhusu geini, 1.0 ina maana kwamba skrini hurudisha mwanga sawa na uso mweupe wa kupimia, ikiusambaza pande zote. Ya geini kubwa, tuseme 2.4, haizalishi mwanga mpya, bali hukusanya ule ule na kuurudisha katikati. Aliyekaa kwenye kochi la kati hufurahi, na walio kwenye mkeka pembeni hupata picha iliyofifia. Ya kijivu, ambayo mara nyingi ni 0.8, husaidia weusi uwe weusi zaidi, lakini kwa lumeni 700 huna mwanga wa kuigawia.

Hiyo ya kuzuia mwanga ni halisi, si ulaghai, ila uulize imetengenezwa kwa projekta ya aina gani. Zipo zenye vijimatuta vidogo vya mlalo, ambavyo hupokea mwanga unaotoka chini, kwa projekta inayokaa kwenye meza karibu kabisa na ukuta, na kuukataa unaotoka juu. Ukiifunga hiyo kisha ukatundika projekta yako darini, itaikataa projekta yenyewe kama inavyozikataa taa. Isitoshe, mwanga wako unatoka ubavuni, na matuta ya mlalo hayana nguvu kubwa dhidi ya mwanga wa ubavuni.

Seremala wa Gongoni, Tabora

Mwalimu ameeleza vema, nami nitaongeza ya mikononi. Mimi nilinunua skrini ya kuvuta ya inchi 120 kutoka Dar es Salaam, ikasafiri kwenye buti la basi chini ya magunia, na ilipofika bomba lake lilikuwa limepinda kidogo katikati, kiasi ambacho huwezi kukiona kwa macho mpaka uikunjue. Nikasema si kitu. Baada ya miezi michache kitambaa kikafanya mawimbi yenye umbo la V, kutoka pembe za juu kuelekea katikati chini. Kwenye filamu unaweza kuvumilia, ila kwenye mpira haiwezekani: kamera inapoufuata mpira, mstari wa katikati ya uwanja unapofika kwenye wimbi hupinda, hunyooka, kisha hupinda tena, na jicho likishauona mara moja haliuachi.

Skrini isiyo na mvutano wa pembeni huishia hapo, hata isiposafiri. Zipo zenye kamba za kuvuta kingo kulia na kushoto, nazo hukaa zimenyooka, lakini bei yake hupanda sana. Ndipo nilipotengeneza fremu ya kudumu mwenyewe. Nilitumia mbao za paini zilizokauka, za inchi 2 kwa 2. Najua watu wa Tabora tunapenda mninga kwa kila kitu, lakini mninga ni wa kitanda na milango. Kwa fremu hii utabeba uzito wa bure. Pembe zikatwe kwa nyuzi 45, ziimarishwe kwa vyuma vya pembe, na nguzo ya katikati irudishwe nyuma kidogo ili isiguse kitambaa, kwa sababu ikigusa utaona kivuli chake kila siku. Kitambaa kibanwe kwa stepla ya mafundi wa makochi, kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, pande zinazotazamana zikifuatana. Ukianzia pembeni utapata makunyanzi yasiyotoka.

Kitambaa kiwe cheupe kisichong'aa, na mgongo wake uwe mweusi au usiopitisha mwanga. Usidanganyike na flexi ya mabango. Niliijaribu kwa kuwa ni rahisi na haina mshono. Inang'aa, na taa ya projekta ilionekana katikati ya picha kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Mzunguko wote wa fremu uvishwe velveti nyeusi yenye upana wa sentimita 8, ambayo humeza mwanga unaovuka kingo.

Mama wa Katubuka, Kigoma

Nawaheshimu sana mafundi, lakini naomba nipingane nao kidogo, kwa sababu hawajataja mjusi kafiri. Skrini yetu ya kwanza ilikuwa ya kudumu ukutani. Usiku mwanga huita wadudu, wadudu huita mijusi, na mijusi huacha kinyesi chake kilekile cheusi chenye ncha nyeupe, kinachotelemka juu ya kitambaa cheupe. Mvua za kwanza zilipokuja na kumbikumbi, na mtu mmoja akawa ameacha dirisha wazi, tulitazama filamu nzima mabawa yakiwa yamenata kwenye nyuso za waigizaji. Madoa hutoka kwa sifongo laini, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo sana, bila kusugua, na spiriti isiguswe kabisa kwani huharibu uso wa kitambaa. Lakini nani atasafisha kila wiki?

Tulibadilisha tukanunua ya kuvuta yenye kamba za pembeni, na ikishamaliza kazi hujikunja ndani ya boksi lake. Watoto hawaifikii kwa kalamu, vumbi la kiangazi haliifikii, na wageni wakija chumba ni chumba. Fedha ilituuma, sikatai.

Mkazi wa Kibirizi (mwuliza swali)

Nawashukuru wote. Jumapili nilifanya majaribio. Nilimweka kijana wangu nyuma ya shuka akiwa na tochi ya simu, na duara la mwanga likaonekana upande wetu waziwazi, hata nikaweza kuzihesabu nyuzi za kitambaa. Nikaelewa kwamba sehemu kubwa ya lumeni nilizolipia ilikuwa inaishia ukutani nyuma ya shuka. Kisha nikabandika karatasi tatu za A4 juu ya shuka na kuwasha filamu. Kwenye karatasi picha ilikuwa angavu zaidi, na mke wangu akauliza kwa nini tusinunue tu karatasi.

Baada ya hapo nikachora ukutani kwa utepe wa mafundi rangi vipimo vya inchi 150, 120 na 110, tukakaa kwenye kochi, ambapo macho ya aliyekaa yapo mita 4.2 kutoka ukutani. Ya 150 iliwalazimisha watoto wa mkekani kuzungusha shingo kufuata mpira. Tumekubaliana 110. Nimemwagiza fundi wa mapazia anishonee pazia la tabaka mbili lenye kitambaa kisichopitisha mwanga, lipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 20 kila upande, na juu ya bomba la pazia nitaweka ubao ili mwanga usichungulie. Ukuta wa skrini, pamoja na mita moja ya kwanza ya kuta za pembeni na ya dari, utapakwa rangi ya maji ya kijivu kizito isiyong'aa.

Nimechagua fremu ya kudumu, ila neno la Mama wa Katubuka limenikaa. Je, kuna ubaya nikifunga mbele yake pazia jepesi la kufungua na kufunga, kwa ajili ya mijusi? Na ukingo wa chini wa skrini uwe juu kiasi gani?

Mama wa Katubuka, Kigoma

Hakuna ubaya wowote, mradi reli yake iwe ndefu kuliko skrini ili pazia likifunguliwa lijikusanye nje ya picha. Liwe la rangi nzito na lifuliwe mara kwa mara, la sivyo vumbi litahama kutoka pazia kwenda kwenye kitambaa.

Seremala wa Gongoni, Tabora

Kwa inchi 110, eneo jeupe liwe sentimita 243.5 kwa 137. Ukingo wa chini uwe sentimita 70 kutoka sakafuni, na hapo macho ya aliyekaa kwenye kochi yatakuwa kwenye theluthi ya chini ya picha. Projekta iwe sawa na katikati ya skrini kwa upana, na ifungwe kwenye mbao za dari, si kwenye jipsamu yenyewe, ambayo haibebi kitu. Usitegemee kurekebisha umbo la picha kwa kitufe cha projekta, maana kila ukinyoosha picha iliyopinda kwa njia hiyo unapoteza sehemu ya vitone vyake.

Jambo moja la mwisho kabla hujashika drili: iweke projekta mahali pake kwa muda, hata juu ya ngazi, iwashe, iachie dakika 20 ipate joto, kisha chora pembe nne za picha ukutani kwa penseli. Pima mishazari yote miwili. Ikiwa sawa, toboa. Mimi nilitoboa kwanza, na matundu yangu manne ya zamani bado yapo nyuma ya fremu.