Naomba ushauri: kuhamia Kitwe na watoto kutoka Lubumbashi

Ndugu zangu, jambo yenu. Mume wangu amepata kazi Kitwe, ng'ambo ya mpaka wa Kongo na Zambia pale Kasumbalesa, anataka tuhamie wote. Jamaa wananiambia nisihangaike, Zambia na Katanga yetu hapa Kongo ni kitu kimoja. Kwa macho ni kweli: pori lile lile la miombo, vichuguu virefu kuliko mtu, migodi ya shaba. Bukari, yaani ugali, tunakula sote, na vinkubala vikavu, wale viwavi wa kuliwa, vinauzwa kwa kikombe sokoni pande zote mbili. Mama mkwe anaongea Kibemba, huko hatapotea.

Wasiwasi wangu ni shule. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, amesoma kwa Kifaransa tu. Kule ni Kiingereza, na mwaka unaanza Januari, si Septemba. Tangu 2022 shule za serikali huko hazitozi ada hata sekondari, na hilo linanivutia sana, maana hapa sekondari inatuumiza. Mliohamia, watoto wenu walirudishwa nyuma madarasa mangapi? Nimwache amalize msingi hapa kwanza, au nitakuwa namchelewesha? Na mshahara wa kwacha unatosha kodi ya nyumba, umeme na unga? Tafadhali mniambie ukweli.