Mrejesho: nywele zangu za asili zimeanza kulainika

Ndugu zangu, miezi 3 iliyopita niliwauliza kwa nini nywele zangu hubaki kavu kama makumbi ilhali ninazipaka mafuta ya nazi kila asubuhi, nanyi mkanieleza kwamba mafuta hayaleti unyevu bali huuzuia usipotee, hivyo maji ndiyo yatangulie. Nimelifuata hilo kikamilifu, hata hapa Dodoma ambako upepo wa kiangazi hukausha mpaka midomo. Kila Jumamosi huziosha na kuzigawa mafungu 8. Kila fungu, likiwa bado linachuruzika maji, hulipaka kirimu, kisha mafuta kidogo ya mnyonyo, halafu hulichambua kwa vidole kuanzia nchani kuelekea kwenye shina kabla ya kulisuka butu. Chanuo sasa halikwami, na vile vipande vifupi vilivyokuwa vikijaa kwenye beseni vimepungua mno, jambo lililonifurahisha kuliko hata urefu wenyewe, ambao umeongezeka kama sentimita 3. Kitambaa cha satini cha kulalia kimesaidia pia. Zilizobaki dhaifu ni nywele za pembeni mwa paji la uso, ambazo naamini ziliharibiwa na rasta za kubana sana, na hizo nimeamua kutozisuka kabisa hadi mwisho wa mwaka. Asanteni sana.