Tukitoka Afrika Mashariki, lori la mahindi la Kibaigwa litavukaje mpaka wa Namanga?

Mnunuzi wa mahindi, Kibaigwa
Wadau, kila Kenya inapotubania mahindi, hoja ya kujitoa Jumuiya ya Afrika Mashariki inaibuka upya hapa sokoni, nami naiunga mkono. Machi 2021 walipiga marufuku mahindi yote ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kwamba sumukuvu haizidi 10 ppb (sehemu 10 kwa bilioni). Uanachama ulitusaidia nini? COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, tulitoka mwaka 2000 na biashara haikufa.

Wakala wa forodha, Kizota
Mkuu, COMESA si mfano wa jambo hili. Tulipotoka kule, Zambia na Malawi tulibaki nao SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kenya imo COMESA lakini haimo SADC, na sisi hatumo COMESA. Ushuru sifuri wa mahindi Namanga unatokana na Jumuiya hii. Nje yake tunakutana na ushuru wa pamoja wa forodha, ule ambao wanachama wanatoza bidhaa za nje ya Jumuiya, ambao kwa mahindi ni asilimia 50.

Piga hesabu ya lori la tani 30, yaani magunia 300 ya kilo 100. Tuseme gunia likifika mpakani lina thamani ya shilingi 80,000: mzigo ni milioni 24, ushuru milioni 12. Nani Nairobi atanunua? Wakati huohuo mahindi ya Zambia, mwanachama wa COMESA, yanaweza kupita Iringa, Dodoma na Kondoa yakiwa na lakiri (muhuri wa forodha unaofunga mzigo), yakaingia Kenya bila ushuru huo. Tutayaangalia yakipita barabarani kwetu.

Mwanasheria, Area C
Kuna jambo zito zaidi ambalo halisemwi. Sheria ya forodha tunayoitumia ni ya Jumuiya, ya mwaka 2004. Leseni za mawakala, maghala ya dhamana (ya kutunzia bidhaa ambazo hazijalipiwa ushuru), uthamini wa bidhaa, adhabu, vyote vimo humo. Ibara ya 145 ya Mkataba inataka azimio la theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya miezi 12. Katika miezi hiyo hiyo Bunge lingelazimika kutunga sheria nyingine nzima.

Mzigo wa Kigali nao: leo ushuru unaweza kulipwa Rwanda kontena likiwa bado bandarini Dar es Salaam. Tukitoka tunarudi kwenye dhamana ya mzigo wa mpito, yaani ahadi ya kulipa ushuru mzigo ukipotelea njiani, isiyofunguliwa hadi mfumo uthibitishe lori limetoka mpaka wa Rusumo. Lakiri ikikatika Manyoni, wa kwanza kubanwa ni wakala.

Kituo cha pamoja cha forodha, ambako nchi mbili hukagua mzigo mahali pamoja, hata hivyo, si lazima kife. Tunduma tunacho na Zambia, na Zambia haimo Jumuiya.

Mkamuaji wa alizeti, Singida
Mimi nataka uhuru wa kupanga ushuru wa mafuta ya mawese.

Wakala wa forodha, Kizota
Ndugu yangu, upo. Mwaka 2018/19 tulitoza asilimia 25 kwa mafuta ghafi na 35 kwa yaliyosafishwa, kwa kuomba tofauti na kiwango cha pamoja na kutangaza kwenye Gazeti la Jumuiya.

Mkamuaji wa alizeti, Singida
Kwa mwaka mmoja mmoja! Kiwanda cha kukamua hakijengwi kwa kibali kinachoisha Juni. Hilo ndilo la kudai Arusha, makao makuu ya Jumuiya: viwango vya miaka mitano.

Mnunuzi wa mahindi, Kibaigwa
Kwa hiyo asilimia 50 nimeielewa. Na sumukuvu?

Wakala wa forodha, Kizota
Sharti hilo litabaki tukiwa ndani au nje. Uingereza ilipomaliza kipindi cha mpito cha kujitoa Umoja wa Ulaya Desemba 2020, nyama yake ya kwenda Ulaya ilianza kudaiwa cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo. Kwa mahindi, kausheni juu ya turubai, si ardhini, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5. Pimeni kabla ya kupakia. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo: gunia moja linaweza kuwa safi na la jirani likaangusha lori zima. Chomeni bambo (chuma cha kutolea sampuli) magunia mengi, juu, katikati na chini, changanyeni, ndipo mpeleke sampuli maabara.